Kisahani Pindoni

Kabla hujamsindikiza mwanao kwenye njia ile, mama mwenzangu, fungua kwanza pindo la kanga yako uangalie umefunga nini. Nimeliweka hili mbele makusudi, maana najua tulivyo: tunasoma mistari miwili mitatu, chungu kinafurika, tunainuka, haturudi. Basi hata ukiinuka sasa hivi umeshalipata. Yaliyobaki ni namna nilivyolijua, na kujua kwangu hakukunisaidia kitu. Labda kutakusaidia wewe. Sina hakika hata na hilo.

Njia yenyewe zamani ilikuwa reli. Ilipita chini ya mlima wetu kama mshono wa kanzu, na garimoshi lilipita humo asubuhi likishuka, alasiri likipanda. Sisi hatukuwa na saa. Tulikuwa na mlio. Mlio wa kushuka, unaweka maharage jikoni. Mlio wa kupanda, unaepua. Siku moja mlio wa kupanda haukuja. Maharage ya mlima mzima yakaungua. Wanawake wamekaa vibarazani wanatazamana, moshi unatoka kila jiko, na hakuna aliyethubutu kuepua kwa sababu hakuna aliyeambiwa aepue. Ndivyo tulivyojua kwamba garimoshi limekufa. Hatukutangaziwa msiba, hatukuitwa mazishini.

Baadaye wakaja Wenye Njia. Usiniulize ni akina nani. Mimi sijawaona, wala sijakutana na mtu aliyewaona. Tunawajua kama unavyomjua panya, kwa anachoacha. Tuliamka tukakuta vyuma vimeng'olewa, mataruma, yale magogo vyuma vilivyolazwa juu yake, yameachwa hapa na pale kama meno ya kizee, katikati imemwagwa changarawe nyekundu, pembeni yamepandwa maua yasiyo na harufu. Na kibao: NJIA YA MATEMBEZI. Njia iliyobeba mkonge na pamba, wafungwa na maharusi, ikawa haibebi kitu tena isipokuwa watu wanaojibeba wenyewe.

Hapo ndipo swali liliponiingia, na mpaka leo halijatoka. Garimoshi limekufa, mbona amri yake haikufa? Ile milingoti yenye mkono mwekundu, iliyokuwa inaliambia garimoshi simama, bado ipo. Mtu mzima mwenye akili zake anafika chini yake anasimama, anangoja, kwenye njia tupu, ndege wanamcheka. Ukimwuliza unangoja nini, anakujibu mkono haujashuka. Mkono hauwezi kushuka; waya wake tulishauchukua siku nyingi, tunaanikia nguo. Na yeye anajua. Nguo zake mwenyewe zimeanikwa pale. Anangoja vilevile. Nikawaza, kumbe kinachotutawala si kile kizito kinachopita kikatetemesha nyumba. Kinachotutawala ni pale kilipopita. Kikiondoka, pale panabaki, na tunapaogopa kuliko tulivyokiogopa chenyewe.

Na amri kubwa kuliko zote ilikuwa ya kisahani. Enzi za garimoshi njia ilikuwa moja, ya kwenda ndiyo hiyohiyo ya kurudi. Ili magarimoshi mawili yasikutane uso kwa uso, dereva hakutoka stesheni mpaka apewe kisahani cha shaba kutoka kwenye sanduku jekundu la chuma. Sanduku halitoi cha pili mpaka cha kwanza kimemezwa na sanduku la stesheni inayofuata. Kikimezwa, kengele inalia huku na kule: amefika. Leo nani atagongana na nani? Miguu na miguu? Lakini kisahani kimebaki. Huingii njiani bila kisahani, na ukifika upande wa pili bila kisahani, hujafika. Hata kama umesimama pale unatoka jasho.

Niambie wewe uliyesoma zaidi yangu: mtu akifika asipopokelewa, amefika?

Nina mtoto mmoja. Anaitwa Naetwe. Ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, aliangukia kinu akiwa anajifunza kutembea, na tangu siku ile mimi sijawahi kumwona akitembea nisione kinu mbele yake. Alimaliza shule, akachaguliwa chuo cha wakunga katika mji ulioko nyuma ya mlima. Barabara ya magari haipo tena. Wengine wanasema ilisombwa na mvua, wengine wanasema hatukuwahi kuwa nayo. Njia ni ileile moja. Akivuka na kisahani chake, kengele ikilia, mji utamfungulia milango naye atakuwa mkunga. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Hiyo tu.

"Mama, si lazima unisindikize," aliniambia asubuhi hiyo akifunga mzigo wake.

"Njiani kuna nyoka."

"Nyoka wanakuogopa wewe?"

"Kuna watu."

"Mama, wewe unazipanga hatari kama mtu wa genge anavyopanga nyanya. Kubwa mbele."

Nikacheka. Nikajitanda kanga yangu, nikavaa kandambili, tukaenda.

Stesheni masta, sisi tulimwita Masta tu, alikuwa amekaa dirishani na kikombe cha chai, kofia yake imepauka mpaka huijui rangi. Hakutusalimu.

"Wasafiri au watembeaji?"

"Kuna tofauti?" Naetwe akauliza.

"Msafiri anakwenda mahali. Mtembeaji anakwenda."

"Mimi nakwenda chuoni."

"Msafiri. Na huyu?"

"Huyu ni mama yangu."

"Nimeuliza anakwenda wapi, sikuuliza ni nani."

"Namsindikiza," nikasema.

Akainama kutazama miguu yangu, akarudi kwenye chai yake. "Na kandambili. Haya. Ngojeni, njiani kuna watu."

Tukangoja. Wakatokea mume na mke, wamevaa traksuti za rangi moja, wameshikana mikono. Nywele zao zilikuwa nyeupe pe. Mwanamume akavua begani pete kubwa ya chuma yenye kimfuko, akaipitisha dirishani, Masta akachomoa kisahani, sanduku likakimeza, kengele ikalia. Kisha Masta akatoa kichwa nje akaita majina yao kwa sauti, maana ndiyo desturi, na watu waliokaa barazani wakapiga makofi.

"Hongereni," nikawaambia. "Kutembea katika umri huu ni kazi."

"Umri upi, mama?" yule mwanamke akasema, anacheka. "Sisi maharusi. Tumeingia upande ule asubuhi hii tu."

"Na mvi?"

Akashika kichwa. Akamtazama mumewe. Mumewe naye akashika chake.

"Vumbi hilo," Masta akasema kutoka dirishani. "Mkioga litatoka."

Wakaondoka wakipangusana. Nilimtazama Naetwe nione kama amesikia nilichosikia. Alikuwa anakaza kamba za viatu.

Masta akavuta mkono wa sanduku, kisahani kikadondoka, akakitia kwenye kimfuko cha ngozi kinachoning'inia kwenye pete, na pete, kubwa ya kupita begani, akamvisha mwanangu kama anamvisha taji. "Njia inamjua aliyebeba," akasema. "Mwingine ni kivuli chake." Nami neno kivuli likanikaa kama mwiba wa samaki.

Sikiliza sasa, maana ni hapa. Naetwe alikwenda chooni kabla ya kuanza safari. Pete akailaza juu ya benchi karibu yangu. Nikaitazama. Kifungo cha kimfuko kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Nikaona kalavati, nikaona daraja, nikaona mwanangu anaruka taruma na kisahani kinatoka, kinalia juu ya jiwe, kinazama. Mkono ukaenda. Nikakichomoa, bado kina joto la chai ya Masta, nikakifunga pindoni. Wewe unajua pindo la kanga ni nini. Humo nilifunga dawa zake za degedege. Humo nilifunga kitovu chake kilipokatika, nikakaa nacho mpaka siku ya kukizika. Kitu cha mtoto kikiwa pindoni kimelala, nami nimelala. Nilijiambia nachelea kisipotee. Mkono wangu ulikuwa na sababu yake nyingine, haukuniambia.

Naetwe akarudi, akatia pete begani. "Twende."

Nilitaka kumwambia. Kisha nikaona, si tuko pamoja? Tukifika nitampa. Kuna haja gani ya kumtia wasiwasi mtoto?

Mwanzoni njia ni nzuri, nisiseme uongo. Ni tambarare, maana garimoshi halipendi kupanda ghafla, kwa hiyo unapanda mlima mzima bila magoti kujua. Ukuta wa mawe huku, bonde kule, na katikati wewe, umenyooshwa. Ndiyo ladha yake. Nyumbani kila kitu kinakuuliza: nikaange nini, nifue kipi. Njia haikuulizi. Ilishaamuliwa na watu waliokufa, nawe unaweka tu mguu. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliotandika mataruma yale. Alilala chini ya daraja la pili, hakuamka, wakamfunika kwa kokoto na kazi ikaendelea. Nilipopita juu yake nikavua kandambili. Naetwe akasimama kunisubiri, kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa yameshatangulia.

"Alijua reli inakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nani angemwambia?"

"Mimi nisingetandika kitu nisichojua kinakwenda wapi."

"Wewe ulizaliwa kimeshatandikwa," nikamjibu, na jibu likatoka kali kuliko nilivyotaka.

Jua lilikuwa upande. Nikaangalia chini, kwenye changarawe, nikaona kivuli kimoja. Kirefu, chenye kanga, kinapepea. Nikageuza kichwa: Naetwe yuko hapa kando yangu, begi mgongoni, pete begani, jasho puani. Chini hana kitu. Changarawe ilikuwa nyekundu mahali pake kama hakuna mtu. Nikasogea kidogo nikafikiri labda changu kimemfunika; nacho kikasogea, na pale alipokuwa pakabaki patupu.

Ningesema hapo. Wewe ungesema. Lakini nitakwambia jinsi inavyokuwa: hofu ndogo inapiga kelele, hofu kubwa inakufunga mdomo. Nikalishika pindo langu. Kisahani kilikuwepo. Nikaona, maadamu kipo.

Tukafika kwenye handaki, pale njia inapoingia tumboni mwa mlima. Mdomo wake umejengwa kwa mawe, na ndani yake unatoka ubaridi wa mtungi. Upande wa pili unaonekana, tobo dogo la mwanga, kama sindano.

"Mama," Naetwe akasema, "tukifika kule utarudi, sivyo?"

"Nirudi wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna nani?"

"Wewe upo."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto ni kitu kizito, hakuna mahali pa kuiweka. Akanibusu shavuni haraka. "Nitakusubiri pale kwenye mwanga," akasema, akakimbia. Viatu vyake vikalia, vikalia, kisha vikawa mwangwi wa viatu. Nikamwita. Mlima ukalichukua jina lake ukalizungusha mdomoni, ukanirudishia jina jingine. Likarudi Nakijwa. Hilo ni langu, nililokuwa naitwa kabla sijawa mama wa mtu.

Nikaingia.

Giza. Si la usiku, usiku una nyota na majirani. Hili ni giza la kabla.

Kandambili zinalia pwata, pwata. Nani mwingine anatembea nami?

Hakuna. Ni mimi. Ni mimi yupi?

Mkono mmoja ukutani. Ukuta unatoka maji. Mkono mmoja pindoni.

Naetwe? Nakijwa.

Nilikuwa na umri gani nilipoingia humu? Nina mtoto, kwa hiyo mimi ni mtu mzima. Mtoto yuko wapi? Kama hayupo, je, mimi bado ni mtu mzima?

Ukaja mwanga mdogo wa kibatari, na chini yake mwanamke amebeba sinia kichwani. Mayai ya kuchemsha, chumvi kwenye kipande cha gazeti. Alikuwa mama yangu. Maisha yake yote aliuza mayai kwenye madirisha ya garimoshi, akikimbia kando yake likianza kuondoka, mkono juu.

"Wewe mtoto," akasema, "umeacha nini jikoni?"

"Shikamoo mama. Sijaacha kitu."

"Marahaba. Nanusa maharage."

"Mama, wewe ulikufa."

"Na treni pia. Na bado nauza." Akashusha sinia, akanikagua kama anavyokaguliwa kuku sokoni. "Umefunga nini pindoni?"

"Kitu cha mtoto."

"Anajua?"

Nikalifunika pindo kwa kiganja.

Akatikisa kichwa pole pole, bila hasira. Bora angekasirika. "Mimi nami nilikifunga cha kwako," akasema. "Ile siku waliyokuja kukuchukua uende shule ya bweni, uliamka ukakuta wameshaondoka. Nilikwambia hawakuja. Nilikupenda hivyohivyo unavyompenda huyo."

"Mama! Kiko wapi?"

"Kimelala," akasema. "Si ndiyo tunavyopenda? Vilale." Akainua sinia, akaendelea kwenda kule nilikotoka, anaita, mayai, mayai ya moto, na sauti yake ikazimika kabla ya kibatari.

Nikaanza kukimbia. Kandambili moja ilikatika, nikaiacha. Nilifungua pindo nikikimbia, nikashindwa, fundo lilikuwa limekazwa na jasho, na sikuwa na mkono wa pili, wa pili ulikuwa ukutani unanishikilia dunia. Sindano ya mwanga ikawa kidole, ikawa mlango. Nikatoka.

Ilikuwa asubuhi ileile. Stesheni ileile, ungedhani nimezunguka nikarudi. Ila mji ulikuwa chini ya tuta, mapaa yanang'aa, milango yote imefungwa. Na dirishani, na chai yake, Masta.

"Umefikaje kabla yangu?"

"Mimi sifiki," akasema. "Mimi nipo."

"Mwanangu amepita hapa? Msichana, ana begi, ana pete."

"Msichana?" Akapuliza chai. "Msichana sijamwona muda mrefu sana."

Kwenye benchi alikuwa amekaa bibi mmoja, sinia la mayai mapajani. Nikamsogelea kwa adabu, nikainama. "Shikamoo mama. Hujamwona binti akitoka handakini sasa hivi, anakimbia?"

Hakuitikia. Mtu mzima asipoitikia shikamoo unajiuliza umekosa nini. Alinitazama tu. Alikuwa kama mtu aliyepewa kitu asichotaka kukipokea. Begani pake palikuwa na pete ya chuma, imekaa siku nyingi mpaka nyama imeizoea. Na kwenye nyusi ya kushoto, chini ya mvi, kulikuwa na kovu la kinu.

"Umechelewa, mama," akasema.

Nikakaa chini, palepale kwenye kokoto.

"Umeniacha sasa hivi," nikasema. "Umenibusu hapa."

"Nakumbuka. Nilitoka mbio, nacheka. Nikampa Masta pete. Akafungua kimfuko, akatia vidole viwili, akatoa vidole viwili. Akaniambia, mfuko ninao, wewe uko wapi?"

"Si ungerudi kunitafuta?"

"Kurudi kunataka kisahani."

"Ungeshuka tuta! Mji si huu hapa? Ungeshuka kwa miguu yako!"

"Nilishuka, mama. Nilikwenda mpaka chuoni. Mwalimu akaniuliza, kengele yako ililia lini? Nikasema haikulia lakini mimi ndiye huyu hapa. Akasema, mbona wote wasiofika wanasema hivyo?" Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha genge la nyanya, kimezeeka. "Wanawake wanajifungua mji huu. Nawasikia kutoka hapa benchini. Wengine nikiwasikia tu najua mtoto amekaa vibaya. Mikono inaniwasha. Nikigonga mlango hawafungui, hawajui wanamfungulia nani. Basi nikaanza kuuza mayai."

Nikalichukua pindo kwa meno. Fundo likakataa, nikalitafuna, chumvi ya jasho langu mwenyewe mdomoni, mpaka likaachia. Kisahani kikaanguka kiganjani mwangu, kinang'aa, kipya. Yeye alikitazama. Hakuniuliza kwa nini. Mwanangu hakuniuliza, na mimi nilikuwa nimeandaa majibu yote.

Nikakitia kwenye kimfuko chake haraka, nikamwinua. "Nenda. Wewe ndiye unayempa Masta. Pete ni yako, kisahani ni chako. Mimi sikuwepo. Nenda, mama yangu, nenda."

Akaenda. Alitembea kizee, mkono kiunoni, lakini alipokaribia dirisha mgongo ukanyooka, na nikamwona, nakuapia, nikamwona yule aliyefunga mzigo wake asubuhi. Akapitisha pete. Masta akachomoa kisahani. Akakiweka shavuni kama mtu anayepima homa.

"Kina joto," akasema.

"Kilikuwa mfukoni," mwanangu akasema.

"Mfuko ni baridi. Hiki kinanuka kanga." Lakini akakitia sandukuni. Sanduku likameza. Kengele ikalia, kali, ndefu, nilidhani moyo utapasuka kwa furaha. Na milango ya mji ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine, na wanawake wakatoka wakikimbia kupanda tuta.

Masta akatoa kichwa nje, akaita:

"Amefika Nakijwa!"

"Hapana," nikasema. "Hapana, baba. Naetwe. Ni Naetwe."

"Njia inamjua aliyebeba."

"Basi kirudishe! Mimi sijafika! Sikuja kufika, nilikuja kusindikiza!"

"Mama," akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko dharau, "aliyefika hafikuliwi." Akafunga dirisha. Mwanangu akarudi kwenye benchi lake.

Wanawake wakanizunguka na vigelegele. Mmoja akanivisha kitambaa cheupe kiunoni, mwingine akanimwagia maji mikononi. Karibu mkunga, wanasema. Tumekungoja, mkunga. Nikawaambia, jamani, sijui kuzalisha hata mbuzi, mkunga ni yule, yule kwenye benchi, mtazameni mikono yake. Wakageuka kutazama. Macho yao yakapita juu ya benchi kama yanavyopita juu ya benchi. "Muuza mayai?" mmoja akauliza, wakacheka, wakanivuta. "Haraka, mkunga. Kuna mtu yuko kwenye uchungu tangu jana."

Kweli, kutoka mlango mmoja ulio wazi, kilio kilikuwa kinapanda.

Naetwe alikisikia. Nilimwona akikisikia: kichwa kikainama upande, vidole vikafunguka. Akaja mpaka kwangu kupitia katikati yao, wao hawakumpisha wala hawakumzuia.

"Mtoto ametanguliza miguu," akaninong'oneza. "Umwambie asisukume bado. Utie mkono pole pole, usivute. Umesikia? Usivute, hata ukiogopa. Hasa ukiogopa."

"Sitaweza."

"Najua."

"Naetwe, nifanyeje?"

Walikuwa wananivuta mikono yote miwili, mguu mmoja una kandambili, mmoja hauna. Kanga yangu ilikuwa inaburuzika, na lile pindo, ingawa halina kitu, bado lilikuwa limejikunja kwa umbo la kisahani. Nililia. Nililia kama mtoto aliyeachwa stesheni, kwa sauti, mbele za watu. Mwanangu akashika uso wangu kwa mikono yake yenye harufu ya maganda ya mayai, akanifuta chozi moja kwa kidole gumba, kama nilivyokuwa nikimfuta siku ya kinu. Ile salamu bado ilikuwa pale katikati yetu, tangu nilipoinama mbele yake, haijachukuliwa na mtu.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Akarudi benchini, akainua sinia, akaliweka kichwani, akageukia handaki. Kulikuwa na watembeaji wanatoka.